Kishindo, Gari la Maharusi

Bi Kazija alikuwa barazani pake anapepeta mchele alipopewa habari kwamba Badriya, mtoto wa Bimdogo, atapelekwa kwa mumewe mjini Sur ndani ya gari la mbuzi. Aliyeileta habari ni Bimdogo mwenyewe, tena kaja nayo kwa furaha, masikini ya Mungu. Yeye na marehemu mumewe walirudi Ibra, huku Omani, kutoka Bujumbura na masanduku mawili tu, na hawakuwa na jamaa hata mmoja mwenye gari. Sasa Bwana Sleyum, shemegi yake Kazija, amemuahidi pikapu yake ya kubebea mbuzi, Ijumaa akisharudi mnadani. Kasema ataiosha kwa sabuni mpaka harufu ya mbuzi itoke, kisha atandike zulia nyuma.

Kazija akauweka ungo chini.

"Na Kishindo je?"

Bimdogo akainamisha macho. Nani Ibra nzima asiyejua kwamba Kishindo haliombwi?

Basi na wewe ujue. Kishindo lilikuwa gari, Pontiak ya Kimarekani, milango miwili, silinda nane, rangi ya damu ya mzee na mstari mweupe ubavuni. Humoud bin Obaid, mume wa Kazija, alilinunua Kuwait kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaja nalo mpaka Ibra mwaka wa sabini na mbili, njia bado changarawe na vumbi tupu. Watu walilisikia kabla hawajaliona. Bibi mmoja alidhani wadi, lile bonde kavu, imeshuka na mafuriko, akaanza kukusanya kuku. Tangu siku hiyo likaitwa Kishindo.

Na aliyekuwa kwenye usukani siku ile hakuwa Humoud. Alikuwa Kazija. Humoud alimfundisha kuendesha kwenye majangwa ya Kuwait, akamkatia na leseni, akawa anakaa pembeni anatafuna hiliki zake huku mkewe anabadilisha gia. Watu wa Ibra walisema. Walisema sana, wakachoka, wakaanza kuomba lifti.

Mungu hakuwajaalia mtoto, na Humoud akawafanya maharusi wote wa mtaa kuwa wanawe. Akiolewa msichana, awe wa mwenye minazi Unguja au wa mpasua kuni, Kishindo ndilo litakalompeleka, limefungwa asumini kwenye kioo na honi inalia tangu mlangoni kwao mpaka mlangoni kwa mumewe. Kwa hiyo alipougua na kujua kwamba haponi, alimwita ndugu yake Sleyum, na Marzouq muadhini, na mkewe, akawashuhudisha: Kishindo ni wakfu. Liwabebe maharusi wa mtaa huu, wa tajiri na wa fukara. Sleyum ndiye msimamizi. Akafa wiki ile ile.

Kazija akaingia eda. Alipotoka, alikuta banda la mabati limejengwa uani kwa Sleyum, kufuli mlangoni, na Kishindo limepandishwa juu ya matofali, limefunikwa turubai la kijani. Hiyo ilikuwa mwaka wa sabini na tisa. Sasa ulikuwa wa themanini na tatu, na hakuna bibi harusi aliyekwisha kulipanda tena.

Ukimuuliza Sleyum, jawabu lake lilikuwa tayari mdomoni. Wakfu hauharibiwi. Njia ya kutokea mtaani inapita ndani ya wadi, na wadi ina mawe. Rangi ile haipatikani tena. Yeye ndiye atakayeulizwa siku ya kiyama kwa kila mkwaruzo. Na haki isemwe, hakuwa mtu mbaya. Watu walitoka Maskati kuja kulipiga picha, na tajiri mmoja wa Dubai aliapa kwamba magari ya namna ile Khaliji nzima hayajai ua mmoja, akataka kulinunua pale pale. Sleyum alimfukuza, na kahawa hakumpa. Ibra, kumnyima mgeni kahawa ni zaidi ya kumtukana. Sleyum hakuwa mwizi wa wakfu, hapana. Alikuwa anaupenda mpaka anaunyonga.

Siku ile Kazija hakungoja hata mchele uishe. Alivaa buibui lake, akavuka uchochoro, akamkuta shemegi yake anakunywa kahawa na Marzouq. Akamsalimu salamu zote, za nyumbani na za watoto na za mbuzi, maana adabu ni adabu. Kisha akamuuliza kuhusu masufuria ya wakfu.

Sleyum hakuelewa. Masufuria gani?

Yale ya shaba yaliyoko msikitini, akasema Kazija, waliyoyaweka wakfu mababu ili kila mwenye harusi apikie. Yamebonyea, yamekuwa meusi matako yote, moja limepoteza sikio. Mbona hayajajengewa banda? Mbona hayajafunikwa turubai? Ibra yote imekula pilau ndani yake, na kila mtu aliyekula kawaombea waliotangulia. Sufuria lisilopikiwa linamtilia nani thawabu?

Marzouq alikohoa, akatazama kikombe chake. Sleyum akasema sufuria ni sufuria, likitoboka atakuja mfua shaba. Kishindo likivunjika halina fundi. Halafu akasema neno lake la siku zote, kwamba anangoja kuwauliza mashekhe wa Nizwa, na wakisema litoke, litatoka.

"Sleyum," akasema Kazija, "kila Ijumaa uko Nizwa na mbuzi wako. Miaka minne. Huulizi kwa sababu jawabu unalijua."

Uso wa Sleyum ulibadilika. Aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kukivunja.

"Bi Kazija, madhali mimi ni hai, gari lile halitoki."

"Basi Mungu akuweke hai," akasema Kazija, "uje ulione likitoka."

Akarudi kwake. Usidhani alikuwa jabali. Kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake, na ndilo lililomfunga mdomo miaka yote minne. Jumamosi moja, muda si mrefu baada ya kutoka eda, alikwenda banda lile na kisahani cha chakula, akachungulia kwenye tundu la bati. Akamwona Sleyum amekaa ndani ya Kishindo, kiti cha pembeni, madirisha yamefungwa, kilemba kafunika uso, mabega yanatikisika. Kazija akaondoka na kisahani chake bila ya kubisha. Alijua Sleyum anafuata nini mle. Ilikuwa harufu. Sandali aliyojipaka Humoud kila Ijumaa na hiliki alizotafuna kila siku zilikuwa zimeingia kwenye viti, zikakaa. Nguo za marehemu zilikwisha kutolewa sadaka, matandiko yamefuliwa, nyumba imepakwa chokaa. Humoud aliyebaki duniani alikuwa mle ndani ya gari, madhali madirisha yamefungwa.

Na Kazija naye alikuwa akienda. Aliomba ufunguo wa banda mara moja moja, ati kupangusa vumbi, akakaa kwenye usukani akavuta pumzi. Kwa hiyo alijua atapoteza nini, na ilimuuma. Lakini gari la mbuzi! Mtoto wa watu, na hina mikononi, apakiwe nyuma pamoja na harufu ya beberu, na wakfu wake umelala hatua chache tu kutoka mlangoni kwao? Hapana. Humoud angefufuka kwa aibu.

Jumatano Sleyum alipakia mbuzi wake kama desturi, akaenda Sinaw kwenye soko la Alkhamis, kisha Nizwa kwenye mnada wa Ijumaa. Pikapu haijafika barabarani, Kazija alikwisha kufika gereji kwa Khalaf, kijana wa watu waliotoka Kongo. Khalaf aliposikia kazi yenyewe alirudi nyuma. Akasema Bwana Sleyum atamla nyama.

"Mwambie mimi nimekulazimisha," akasema Kazija. "Na ni kweli, nakulazimisha. Chukua koleo."

Kufuli likakatwa. Turubai likavutwa, na hapo mtu lazima amsifu Sleyum, maana rangi ilikuwa inang'aa mpaka unaona meno yako. Kila wiki alikuwa akiisugua. Kazija akafungua fundo la pindo la kanga, akatoa ufunguo wa pili, ambao Sleyum hakujua kwamba upo. Akaingiza mkono chini ya boneti akatafuta kikamatio pale alipofundishwa na mumewe, akafungua.

Lo! Panya. Kiota juu ya injini, kiota kando ya beteri, kimefumwa kwa pamba ya viti, na mama panya kakaa na wanawe anatazama watu kama waliompigia hodi vibaya. Waya zimetafunwa moja moja. Mipira imekauka na kupasuka. Petroli iliyolala tankini ilikuwa imegeuka uji unaonuka rangi ya mlango. Miaka minne msimamizi alisugua bati, na boneti hakuifungua hata siku moja, maana hakujua inafunguliwa vipi na aliona haya kuuliza.

Kazija alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kilipokwisha, zikaja hasira.

"Tazama," akamwambia Khalaf. "Maharusi wananyimwa, na panya ndio wanaofaidi wakfu."

Walifanya kazi siku mbili. Khalaf alibadilisha waya, mipira na beteri, akamwaga petroli iliyooza, akafungua kabureta akaiosha, akatafuta matairi manne ya kuazima kutoka gari la mteja aliyeko safari. Kazija alikaa kwenye kibao kando yake na tasbihi mkononi, kila akihisi kijana anataka kukimbia anamwongeza chai. Mtaa ulijua yote. Wanawake walikuja wakasimama mlangoni, wakatazama, wakarudi majumbani mwao kimya, na hakuna aliyemtumia Sleyum habari.

Alkhamis baada ya alasiri Kazija akawasha. Kishindo likakohoa. Likakohoa tena, likatoa moshi mweusi na unyoya wa kiota, likazima. Mara ya tatu likanguruma, mabati ya banda yakatetemeka, Marzouq akatoka msikitini ndevu zinachuruzika maji ya udhu. Miaka minne mtaa haukuisikia sauti ile. Halafu kutoka nyumba ya Bimdogo kikapanda kigelegele, na kingine kikakijibu kutoka ng'ambo ya mfereji wa falaji.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Badriya akatolewa. Walimpakia nyuma, kafunikwa shela la kijani, mama yake upande huu na shangazi upande ule, na sinia la halwa mapajani. Mbele kakaa mpiga dumbaki. Asumini zilining'inia kila mahali. Kazija akatia gia, wakateremka uchochoroni wanawake wanaimba nyuma, na walipofika kwenye mdomo wa mtaa, pikapu ya Sleyum ikaingia kutoka barabara kubwa, ikasimama katikati. Kaziba njia yote.

Sleyum akashuka. Vumbi la Nizwa lilikuwa bado nyusini mwake. Alitazama matairi, akatazama asumini, akatazama shemegi yake kwenye usukani. Dumbaki likakatika, na nyimbo nazo zikakatika.

"Zima gari," akasema.

"Nikilizima huenda lisiwake tena," akasema Kazija. "Wewe sogeza lako."

Sleyum akaanza kusema mbele ya watu. Kwamba amevunjiwa kufuli. Kwamba yeye ndiye msimamizi na kuna mashahidi. Kwamba wadi ile ina mawe, na wakfu ukiharibika nani atajibu? Kazija alimwacha aseme. Alisema na watu wakasikiliza, maana hakuna lililokuwa la uongo. Kisha akakaribia dirisha, akainama, na sauti ikashuka mpaka wengine hawakuisikia.

"Shemegi. Basi madirisha usiyafungue."

Kazija akamwelewa. Kwa mara ya kwanza siku ile alitamani kuzima gari, ateremke, arudi nyumbani na kuliacha lilivyo. Akamtazama yule mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, macho ya mtoto aliyepotelewa. Ni huruma. Lakini nyuma yake Badriya alikuwa anahema chini ya shela, na joto lilikuwa la kukaanga samaki.

"Nitayafungua, Sleyum. Mtoto huyu atakufa kwa joto."

"Ukiyafungua ataondoka."

"Ameshaondoka. Tumemfungia miaka minne na panya." Sauti yake ilipanda bila ya yeye kutaka, na wote wakasikia. "Mimi eda yangu nilimaliza. Na wewe, shemegi, toka eda."

Hakuna aliyecheka. Mwanamume kuambiwa atoke eda, tena mbele ya mtaa! Kwingine ingekuwa kisa cha damu. Sleyum alisimama wima, akaenda mbele ya gari, akabaki pale na mikono chini. Kazija akaachia klachi kidogo. Kishindo likasogea polepole mpaka bampa ikaigusa kanzu yake ya dishidashi. Hakuondoka. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale, na injini ikamtetemesha mkono mpaka begani. Kisha akageuka, akapanda pikapu yake, akairudisha nyuma.

Mle wadini jiwe halikukosa. Lilipiga ubavu wa kulia kwa sauti ya kupasua bati na kuchora mfuo kutoka mlangoni mpaka mkiani, juu ya mstari mweupe. Wanawake wakasema uwi. Kazija hakugeuza shingo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Walipokamata lami, akateremsha kioo chake, akamwambia mpiga dumbaki ateremshe cha kwake. Upepo ukaingia. Na ile harufu ikampita usoni mara moja, sandali na hiliki, kama vile mtu kainama kumnong'oneza, ikatoka. Akavuta pumzi ya pili kuitafuta. Kulikuwa na asumini tu, na udi wa bibi harusi, na vumbi la njia.

Alilia. Hakujificha, hakujifuta, mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Bimdogo alimwona kwenye kioo, na bila ya kuuliza kitu akaanzisha wimbo, wakaupokea. Kazija akakanyaga mafuta. Mji wa Al Qabil waliupita honi inalia, na wanaume waliokuwa wanajaza petroli wakasimama na mipira mikononi, wanatazama gari la damu ya mzee linaloendeshwa na bibi wa makamo anayelia na kuimba kwa pamoja. Sur walifika kabla ya magharibi. Jamaa zake Nadhir, bwana harusi, walitoka nje kupokea, na mzee wao mmoja, baharia aliyezoea kuona makubwa, akasema, "Kwa watu wanaoleta maharusi namna hii, mahari tuliyotoa ni ndogo."

Kazija alirudi Jumamosi mchana. Sleyum alikuwa anamngoja pale bandani, na kitambaa chake na kopo la nta. Kazija akazima injini, akashuka, akakaa tayari. Maneno yote alikuwa ameyapanga tangu Al Qabil, na kila moja lilikuwa na meno.

Sleyum akaliendea gari. Aliuona mfuo, akapitisha kidole tangu mwanzo wake mpaka mwisho wake. Kisha akafungua mlango, akaingia, akakaa kiti kile kile cha pembeni. Madirisha yalikuwa wazi. Kazija alimwona anavuta pumzi, akangoja, akavuta tena. Uso wake ulivunjika kidogo, halafu ukatulia. Akaokota kitu sakafuni, akatoka nacho. Ilikuwa asumini iliyonyauka, imegandana na halwa.

"Linanukia harusi," akasema.

"Ndivyo alivyotaka."

Sleyum akatikisa kichwa kukubali. Baadaye akauliza kama mfuo ule ungeweza kupakwa rangi. Kazija akasema haupakwi. Ule ni wa Badriya, akasema, na wanaokuja watakuwa na yao. Sleyum alitaka kubisha, akauma mdomo, akaenda kupaka nta upande wa pili.

Turubai hakulirudisha. Safari yake ya Nizwa iliyofuata aliuza mbuzi, na kwa mashekhe hakwenda kuuliza kitu, ila alirudi na paka.

Haukupita mwezi, mama mmoja wa upande wa juu wa mtaa akaja kwake na maneno ya unyonge, ametangulia kuomba radhi kabla hajaomba haja. Bintiye anaolewa. Wao hawana gari. Amesikia Bwana Sleyum ana moyo, na kama pikapu ina nafasi siku hiyo, wao wenyewe wataiosha.

Sleyum hakumwacha amalize.

"Pikapu ni ya mbuzi," akasema. "Maharusi wana gari lao. Nenda kwa Bi Kazija."